Ubora wa huduma katika swichi ya mtandao

Ubora wa huduma katika swichi ya mtandao ni utaratibu wa kuamua data zipi zipite kwanza, zipi zisubiri na zipi ziachwe, pale data zinazotaka kupita katika njia moja zinapozidi uwezo wa njia hiyo. Kimataifa utaratibu huu hujulikana kwa kifupi cha QoS. Fundi wa mtandao huuandika ndani ya swichi kwa kanuni zinazoitwa sera.

Sera hizo haziongezi kasi ya mtandao. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde hubaki kuwa ya megabiti 10. Kinachobadilika ni nani anayesubiri. Kwa hiyo sera za ubora wa huduma zina faida kubwa zaidi mahali ambapo njia ya kutoka nje ni nyembamba na kazi zinazoitegemea ni nyingi, kama inavyoweza kutokea katika ofisi, shule au kituo cha afya cha Bukoba au Muleba, katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Maana ya jina

Nchini Tanzania maneno "ubora wa huduma" yana maana mbili katika mawasiliano. Ya kwanza ni ya kisheria: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huwapima watoa huduma za simu na intaneti kwa kufuata kanuni za ubora wa huduma zilizo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ya pili ni ya kiufundi, nayo inahusu kazi ya fundi ndani ya mtandao wa taasisi yake. Makala hii inahusu maana ya pili.

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta, simu za mezani za IP, kamera na vituo vya Wi-Fi ndani ya jengo moja. Kila kifaa huchomekwa katika tundu linaloitwa poti. Ruta ndiyo inayounganisha jengo hilo na ulimwengu wa nje. Data husafiri zikiwa zimekatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwa kawaida pakiti kubwa katika mtandao wa Etheneti huwa na baiti 1,500.

Kwa nini foleni hutokea

Poti ya swichi hutuma pakiti moja baada ya nyingine. Pakiti mbili zikifika pamoja, moja hutumwa na nyingine huwekwa katika kumbukumbu ndogo inayoitwa bafa. Bafa ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa. Foleni ya namna hii hutokea hasa katika hali mbili: poti nyingi zinapotuma kwa wakati mmoja kuelekea poti moja, au data zinapotoka katika njia pana na kuingia katika njia nyembamba.

Mkazi wa kando ya Ziwa Viktoria anaijua hali hii kutokana na foleni ya pantoni. Malori, mabasi na pikipiki yakiwa mengi, pantoni haipanuki. Lakini gari la wagonjwa likifika, huruhusiwa kupita mbele. Lori la mkaa halipati hasara kubwa likichelewa kidogo, ilhali mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Sera ya ubora wa huduma ni ruhusa kama hiyo, iliyoandikwa mapema ili swichi iifuate bila kumuuliza mtu.

Mahitaji ya data mbalimbali

Data hazifanani katika uvumilivu wake. Mambo manne ndiyo hupimwa:

- Upana wa njia: kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde.
- Ucheleweshaji: muda ambao pakiti hutumia toka mwanzo hadi mwisho wa safari.
- Kuyumba kwa ucheleweshaji: tofauti ya muda huo kati ya pakiti moja na nyingine.
- Upotevu: sehemu ya pakiti ambazo hazifiki.

Simu ya sauti huhitaji upana mdogo, lakini haivumilii kuchelewa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), katika pendekezo lake G.114, unashauri kwamba ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja usipozidi milisekunde 150, mazungumzo mengi hayaathiriki. Muda huo ukizidi sana, wanaozungumza huanza kukatizana maneno. Sauti ya mtindo wa G.711, unaotumiwa na simu nyingi za mezani za IP, hutuma pakiti 50 kila sekunde, na pamoja na vichwa vya pakiti huhitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwa kila upande.

Barua pepe, nakala za kumbukumbu na masasisho ya programu yako kinyume na hapo. Yanaweza kuchukua upana wote uliopo, lakini yakichelewa nusu dakika hakuna anayeumia. Pakiti iliyotupwa hutumwa tena. Mkutano wa video unahitaji vyote viwili: upana mkubwa na ucheleweshaji mdogo.

Historia

Hesabu za foleni katika mawasiliano zilianza kabla ya kompyuta. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi simu zinavyofika kwa kubahatisha na watu wanavyosubiri. Jina lake, erlangi, limekuwa kipimo cha wingi wa simu.

Itifaki ya intaneti ilipoandikwa katika hati RFC 791 ya Septemba 1981, iliwekewa baiti moja ya kuonyesha aina ya huduma, lakini kwa miaka mingi mitandao mingi haikuitumia. Mwaka 1998 mambo mawili yalibadilika. Hati RFC 2474 na 2475 ziliipa baiti hiyo matumizi mapya katika mpango unaoitwa huduma tofautishi. Mwaka huohuo taasisi ya IEEE iliingiza viwango vya kipaumbele vya fremu za Etheneti katika kanuni zake. Swichi za leo zenye uwezo wa kusanidiwa hutumia mifumo hiyo miwili.

Kagera na njia za mawasiliano

Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na nje yalitegemea sana setilaiti. Setilaiti inayoonekana kusimama juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 35,786, na ishara huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka. Kwa hiyo, hata pasipokuwa na foleni, kikomo cha milisekunde 150 kilikuwa kimekwisha kupitwa.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Katika kipindi hicho serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL. Mkongo huo unafika mkoa wa Kagera na kupakana na mitandao ya nchi jirani: Uganda katika Mutukula, Rwanda katika Rusumo na Burundi katika Kabanga.

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama njia ya Bukoba hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita 1,500, safari yenyewe huchukua milisekunde 7.5 tu. Umbali si tatizo tena. Ucheleweshaji unaosikika katika simu ya ofisini siku hizi mara nyingi huzaliwa katika foleni, na foleni hiyo huweza kuwa ndani ya jengo lilelile.

Njia inaweza pia kupungua ghafla. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikapungua sana. Taasisi ambayo imekwisha kuamua kazi zipi ni za lazima huweza kuzilinda kwa kiasi siku kama hiyo. Ambayo haijaamua huacha kila kitu kigombanie nafasi ileile.

Alama za kipaumbele

Ili swichi ijue pakiti ipi ni ya nani, pakiti huwekewa alama. Kuna alama za aina mbili.

Alama ya kwanza iko katika fremu ya Etheneti yenye lebo ya VLAN. Ina biti 3, kwa hiyo ina thamani 8, kuanzia 0 hadi 7. Sauti kwa kawaida hupewa 5. Thamani 1, inayotumika kwa kazi za nyuma ya pazia, huwekwa chini ya 0, ambayo ni ya data za kawaida. Jambo hili huwachanganya wengi. Alama hii huishia ndani ya mtandao wa jengo.

Alama ya pili iko katika kichwa cha pakiti ya IP na huitwa DSCP. Ina biti 6, yaani thamani 64, na inaweza kusafiri na pakiti kupita ruta. Thamani zinazotumika zaidi ni hizi:

- 46: sauti ya simu
- 34: mkutano wa video
- 18: kazi za ofisi zinazosubiriwa na mtu, kama mfumo wa malipo au wa wagonjwa
- 0: data za kawaida
- 8: nakala za kumbukumbu, masasisho na mafaili makubwa

Kwa mfumo wa namba mbili, 46 huandikwa 101110. Biti tatu za mwanzo, 101, ni 5, yaani ileile thamani ya sauti katika Etheneti. Kwa njia hiyo alama moja hubadilishwa kuwa nyingine kwa urahisi.

Hatua za kusanidi

Amri zenyewe hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, lakini hatua zinafanana.

1. Kuorodhesha kazi. Hatua hii hufanyika kwenye karatasi, pamoja na viongozi wa taasisi. Fundi hawezi peke yake kuamua kama mfumo wa malipo ni muhimu kuliko mkutano wa video. Makundi 4 au 5 yanatosha.

2. Kupima. Upana halisi wa njia ya nje hupimwa saa za kazi, na simu zinazoweza kupigwa kwa wakati mmoja huhesabiwa.

3. Kuainisha. Swichi huelezwa jinsi ya kutambua kila kundi: kwa poti, kwa VLAN, kwa anwani ya IP au kwa namba ya poti ya programu. Kuweka simu zote za IP katika VLAN yake ndiyo njia rahisi kuliko zote.

4. Kuweka alama na mpaka wa kuaminiana. Fundi huamua ni poti zipi alama zake zinaaminika. Simu ya IP ya taasisi huaminiwa. Kompyuta ya mtumiaji haiaminiwi, kwa sababu programu yoyote inaweza kujipa alama ya 46. Alama zinazotoka huko hufutwa na kuandikwa upya.

5. Kupanga foleni. Swichi nyingi zina foleni 4 au 8 katika kila poti. Foleni moja hupewa kipaumbele kamili: ikiwa na pakiti, hutumwa kabla ya nyingine zote. Foleni zilizobaki hugawana kwa uzito, kwa mfano 4 kwa 2 kwa 1, ili hata ya mwisho ipate chochote.

6. Kuweka vikomo. Foleni yenye kipaumbele kamili isipowekewa kikomo inaweza kuzinyima nyingine kabisa. Mafundi wengi huizuia isizidi theluthi moja ya njia. Kikomo huwekwa kwa namna mbili: kutupa kilichozidi papo hapo, au kukishikilia katika bafa na kukitoa polepole. Namna ya pili hufaa zaidi kwa njia ya kwenda nje.

7. Kukagua. Swichi huhesabu pakiti zilizopita na zilizotupwa katika kila foleni. Pakiti za sauti zikitupwa, kuna kosa katika hesabu au katika uainishaji.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa kubuni wa kituo cha afya cha Muleba chenye swichi ya gigabiti 1 kwa sekunde na njia ya nje ya megabiti 10 kwa sekunde. Muuguzi anataka kumpigia daktari aliyeko Bukoba kwa simu ya IP kuhusu mama mjamzito anayetokwa damu. Wakati huohuo kompyuta ya ofisi ya takwimu inatuma faili la megabaiti 600 kwenda makao makuu.

Megabaiti 600 ni megabiti 4,800. Faili likipewa njia yote, litachukua sekunde 480, yaani dakika 8. Kama bafa ya kifaa cha nje ina nafasi ya kilobaiti 500 na imejaa pakiti za faili, pakiti ya sauti inayofika hukuta kilobiti 4,000 mbele yake. Kwa kasi ya megabiti 10, itasubiri sekunde 0.4, au milisekunde 400. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 150. Kwa dakika 8 muuguzi na daktari watakuwa wakikatizana, na baadhi ya maneno hayatafika.

Sasa sera inawekwa. Sauti inapewa kipaumbele kamili, na mwendo wa kutoka unashikiliwa kwenye megabiti 9.5. Pakiti ya sauti sasa husubiri, kwa kiasi kikubwa, pakiti moja tu ya faili iliyokwisha kuanza kutoka: baiti 1,500, yaani takriban milisekunde 1.3. Hata simu 10 zikipigwa kwa pamoja, zitatumia megabiti 0.87. Faili litabaki na megabiti 8.63 na kumaliza kwa sekunde 556 hivi, yaani dakika 9 na sekunde 16.

Gharama ya sera ni kwamba faili limechelewa kwa dakika moja na robo. Faida yake ni kwamba simu inasikika muda wote. Kagera imepata dharura ambazo zinaonyesha uzito wa tofauti hiyo: tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, na mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Machi 2023 na kutangazwa kuisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Katika siku za namna hiyo simu huongezeka na taarifa za kutumwa huongezeka pia, wakati njia ni ileile.

Mahali pa msongamano

Mfano huo unaeleza pia kwa nini sera nyingi zilizoandikwa vizuri hazileti nafuu yoyote. Poti ya swichi inayoelekea kwenye ruta ina kasi ya gigabiti 1. Kwa kasi hiyo pakiti ya baiti 1,500 hutoka kwa mikrosekunde 12, na foleni haijengeki pale. Foleni hujengeka mbele zaidi, katika kifaa kinachoingiza data kwenye njia ya megabiti 10, nacho mara nyingi ni cha mtoa huduma na hakijui sera ya taasisi.

Dawa yake ni kupunguza mwendo kwa makusudi. Swichi au ruta ya taasisi ikitoa megabiti 9.5 badala ya 10, bafa ya mbele haijai, na foleni huhamia mahali ambapo sera iko. Taasisi hupoteza asilimia 5 ya upana na hupata mamlaka juu ya mpangilio. Ikiwa swichi haina uwezo wa kushikilia mwendo, kazi hiyo hufanywa na ruta.

Makosa ya kawaida

- Kuyapa makundi yote kipaumbele. Wote wakiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza.
- Kuwasha QoS bila kutaja poti zinazoaminika. Katika baadhi ya swichi, hatua hiyo hufuta alama zote kuwa 0, na simu huwa mbaya kuliko awali.
- Kusanidi swichi moja na kuzisahau nyingine. Pakiti hulindwa tu pale ambapo kila kifaa kwenye njia yake kinaitambua alama.
- Kusahau Wi-Fi. Vituo vya Wi-Fi vina makundi manne yake, na alama 46 huweza kuangukia kundi la video badala ya la sauti kama haijapangwa.
- Kutumia sera mahali pa upana. Njia ikiwa imejaa kutwa nzima, tiba ni kununua upana zaidi au kupunguza kazi.

Mipaka ya sera

Sera ya swichi hutawala data zinazotoka. Zinazoingia zimekwisha kupanga foleni upande wa mtoa huduma, na taasisi haiwezi kuzipanga upya bila makubaliano naye. Vilevile alama za DSCP kwa kawaida hupuuzwa au kufutwa zikiingia katika intaneti ya wote. Huheshimiwa katika njia za kukodi zinazounganisha matawi ya taasisi moja, pale mkataba unapoyataja makundi hayo. Taasisi yenye matawi Bukoba na Muleba inapaswa kuliuliza jambo hilo kabla ya kusaini mkataba.

Hatimaye sera huzeeka. Programu mpya huingia, simu huongezeka, njia hupanuliwa. Kikomo cha megabiti 9.5 kilichofaa njia ya megabiti 10 kitaizuia njia ya megabiti 50 iliyonunuliwa baadaye, na watumiaji watalalamika kwamba wamelipia kasi wasiyoiona. Kwa hiyo karatasi ya hatua ya kwanza huhifadhiwa pamoja na usanidi wenyewe, ikiwa na tarehe na sababu ya kila uamuzi, ili fundi atakayefuata ajue nini kibadilishwe na nini kiachwe.